Katisha: shajara ya mchezo wa karata za magari ya porini

Februari

Mchezo umepata jina, unaitwa Katisha. Wachezaji ni wawili. Kila mmoja anakuja na fungu lake alilolipanga mwenyewe kutokana na kadi alizokusanya au kubadilishana na wenzake, kisha wanapeleka magari porini. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Kazi ilikuwa kuamua mtu anashinda kwa kitu gani.

Karata za magari zilizozoeleka huko Ulaya, zile za Top Trumps za Uingereza na za Quartett za Ujerumani, zinashindanisha namba. Nasoma ukubwa wa injini yangu, unasoma wa kwako, mwenye kubwa anakula kadi. Ukiwa na lori kubwa kuliko yote umeshinda kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Ni mchezo mzuri wa kusubiria basi, ila hakuna cha kufikiria.

Kanuni niliyoichukua mimi inatoka Kenya, kwenye Rhino Charge. Mashindano hayo ya magari yalianza 1989, na fedha zake zinakwenda Rhino Ark, shirika lililojenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare. Kuna vituo 13 vilivyotawanywa porini na saa 10 za kuvifikia vyote. Mwenye mbio hana tuzo kwa mbio zake. Anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa kilometa chache zaidi. Kwa hiyo kila dereva, siku nzima, anajiuliza swali moja: nizunguke kilima hiki kwa njia ninayoiona, au nikatishe katikati ya mawe?

Swali hilo ndilo mchezo wangu wote. Kadi yoyote isiyolifanya liwe gumu zaidi inatoka.

Mezani tunapanga vituo 5 kwa duara. Kati ya kituo na kituo kuna kadi moja ya njia, na kila kadi ya njia ina pande mbili za kuchagua. Upande wa kuzunguka ni mrefu, kilometa 6 hivi, hauna kizuizi chochote, na unakula saa 2 za mchezo. Upande wa kukatisha ni mfupi, kilometa 2 hivi, unakula saa 1, lakini una kizuizi: Mlima, Mawe, Mto, Mchanga au Matope. Mchezo mzima una saa 10, na saa ni zamu ya kila mchezaji mara moja. Anayezunguka kila mahali anamaliza kwa kilometa 30 na saa 10 kamili, akitokwa jasho. Anayekatisha kila mahali bila kukwama anamaliza kwa kilometa 10 na saa 5. Saa zikiisha kabla mtu hajamaliza, inahesabiwa idadi ya vituo kwanza, kilometa baadaye.

Machi, wiki za mwanzo

Mafuta. Kila mchezo wa kadi za kukusanya una shida yake ya mafuta hata kama unayaita kwa jina lingine. Magic: The Gathering, iliyotoka 1993 na kuanzisha aina hii yote ya michezo, ina kadi za ardhi: bila ardhi huwezi kutoa kitu, na kila aliyeicheza ameshawahi kukaa na mkono mzuri asioweza kuutumia kwa sababu ardhi zimejificha chini ya fungu.

Nilianza na kadi 14 za mafuta ndani ya fungu la 40. Unachota 5 za mwanzo. Hesabu ya hapo haina huruma: mkono mmoja kati ya kila 10 unaanza bila mafuta hata tone. Ukipandisha mafuta yawe 16, mikono mikavu inashuka hadi asilimia 6 na ushee, lakini sasa fungu limejaa madumu na vifaa havina pa kukaa. Ukishusha hadi 12 unapata asilimia 15. Hakuna namba iliyonipendeza katika hizo.

Suluhisho lipo tayari katika michezo mingine, Duel Masters ya Japani mmojawapo: kadi yoyote inaweza kuwa mafuta. Kwa hiyo kadi za mafuta zimefutwa zote. Kila saa unaruhusiwa kulaza kadi moja kifudifudi mbele yako, na hiyo inakuwa dumu. Gari la madumu 3 linahitaji kadi 3 zilizolazwa. Dumu halirudi mkononi.

Uzuri wa kanuni hii umejitokeza palepale mezani. Mtu anashika Winchi, Fundi na Difu Loki, anatakiwa kulaza moja, anaziangalia kama mama anayeambiwa achague mtoto. Ndivyo safari ya porini ilivyo kweli: kila kilo ya dizeli uliyopakia ni kilo ya kitu kingine ulichokiacha nyumbani.

Machi, mwishoni

Namna ya kuvuka kizuizi. Kila gari lina namba tatu: Nguvu kwa ajili ya Mlima, Kimo kwa ajili ya Mawe na Mto, Mshiko kwa ajili ya Mchanga na Matope. Kila kizuizi kina namba yake, kati ya 5 na 9. Ukiamua kukatisha, unafunua kadi ya juu ya fungu lako mwenyewe. Pembeni mwa kila kadi, chini kulia, kuna tarakimu ndogo niliyoiita bahati, kuanzia 0 hadi 3. Unajumlisha namba ya gari, vifaa na bahati. Ukifikia kizuizi umepita. Usipofikia umekwama, na saa imekwenda. Kadi iliyofunuliwa inatupwa gereji, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika.

Dadu lingefanya kazi hiyo hiyo, najua. Lakini dadu halijui umepanga fungu lako vipi. Hapa kadi kali zote zina bahati 0, na kadi dhaifu, zile ambazo mtoto anazitupa nje ya fungu akidhani hazina maana, zina 3. Mtu aliyejaza fungu kwa kadi adimu tupu atakuta kila akifunua inatoka sifuri. Kadi adimu inabaki na raha yake, kuitafuta na kubadilishana na kuringia, lakini haikupi ushindi wa kununua. Hili ndilo jambo ninalolilinda kuliko yote katika mradi huu. Rafiki mmoja ameniomba mara kadhaa niweke "gari la mfalme" lenye tisa tatu. Hapana.

Aprili

Magari. Sitaandika majina ya makampuni kwenye kadi, maana sina ruhusa yao na sitaki barua ya mwanasheria. Natumia majina ya kuchezea, lakini kila kadi ina gari halisi nyuma yake, na tabia ya kadi inatoka kwenye chuma chenyewe.

Ekseli Juu ni Unimog. Gari hilo lilibuniwa Ujerumani baada ya vita ya pili ya dunia kwa ajili ya mashamba, na upana kati ya magurudumu yake ulipangwa uwe milimita 1,270, yaani mistari miwili ya viazi. Ekseli yake haiingii katikati ya gurudumu kama kawaida. Inaingia juu zaidi, halafu gia ndogo ndani ya habu zinateremsha mzunguko hadi kwenye tairi. Tumbo la gari linabaki juu ya mawe ambayo magari mengine yanayagonga na difu. Kimo 8, Nguvu 4, Mshiko 6, madumu 4, bahati 0.

Mgongo wa Bomba ni Tatra ya Ucheki, kampuni ambayo tangu 1923 inatengeneza magari yenye bomba moja nene katikati badala ya chesisi ya ngazi. Shafti zinapita ndani ya bomba, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Karel Loprais alishinda nayo mbio za Dakar upande wa malori mara 6. Nguvu 8, Kimo 6, Mshiko 5. Ila ni zito, na uzito nimeuwekea bei: kwenye Matope linajumlishiwa kizuizi 1.

Mkonga hauhitaji maelezo kwa msomaji wa Tanzania. Ni Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza 1984, yenye bomba la hewa lililopandishwa ubavuni hadi usawa wa paa. Kwenye Mto inaongeza 2. Sababu yake ni ya kifundi: dizeli haina plagi za kulowana, hivyo maji ya kiunoni hayaizimi, lakini ikivuta maji kwa njia ya hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobanika na koneksheni rodi inapinda. Mkonga unazuia hilo. Namba zake nyingine ni 5, 5, 5. Bahati 2. Ni gari la kila mtu, na nataka libaki hivyo.

Mia na Tisa ni Land Rover ya zamani, bodi ya alumini, petroli. Kwenye Mto inapunguziwa 2, lakini ni dumu 1 tu, na ikiharibika Fundi anairudisha kutoka gereji bure. Watoto wameipenda kuliko nilivyotegemea.

Vifaa vimenipa kazi tamu. Difu Loki inaongeza 2 pale tu njia ina alama ya msalaba, yaani gurudumu moja linaning'inia hewani. Difu ya kawaida gurudumu likiwa hewani linazunguka bure na lile la chini halipati kitu. Ukifunga, yote mawili yanalazimika kwenda pamoja. Punguza Upepo inaongeza 2 kwenye Mchanga, kwa sababu tairi lililolegea linalala na kukanyaga eneo refu zaidi, lakini inakupunguzia 1 kwenye Mawe mpaka ucheze Pampu, kwa kuwa mbavu za tairi laini zinachanwa. Winchi inaongeza 3, ila inahitaji njia yenye alama ya mti wa kufungia waya. Njia isiyo na mti unahitaji kuwa na Tairi la Kuzika: unachimba shimo, unalaza spea ndani, unaifukia, unafunga waya hapo. Kadi hiyo inakula saa nzima. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba mchanga saa sita mchana ataona ni bei ya haki.

Njia nazo zina majina ya kweli pale ninapoweza. Chalbi, jangwa la Marsabit ambalo ni sakafu ya ziwa lililokauka, ni Mchanga mwepesi wenye kizuizi 5 siku zote. Mpinzani akicheza Mvua, kadi hiyo hiyo inakuwa Matope 9. Loiyangalani ni Mawe meusi ya volkano. Mbuga Nyeusi ni ule udongo unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, unaojaza meno ya tairi mpaka linakuwa duara laini lisiloshika kitu. Na Matope yana kanuni ya peke yake: wa kwanza kupita anaacha mifereji, hivyo wa pili anaongezewa kizuizi 1. Kwenye Mawe ni kinyume, wa pili anapunguziwa kizuizi 1, maana wa kwanza ameshapanga vijiwe.

Mei

Nimempelekea mjomba. Ameendesha malori ya mizigo kwa miaka mingi, na kabla ya hapo alikuwa utingo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hayo magari yako ya karatasi."

Alisikiliza kanuni zote bila kunikatiza. Akachukua kadi ya Mto, akaigeuza huku na huku.

"Hapa umeandika kizuizi saba. Nani amekwambia ni saba?"

"Imeandikwa, mjomba. Kila mtu anaiona."

"Mtoni hakuna kibao. Utingo anavua viatu, anashika fimbo, anatangulia. Maji yakimpita kiuno anarudi. Anakanyaga aone chini ni mchanga au ni tope. Wewe utingo wako yuko wapi?"

Basi kizuizi sasa kinafichwa. Aina yake inaonekana kwenye kadi, lakini namba iko kwenye kibao kidogo kilicholazwa kifudifudi juu ya njia. Ukitaka kujua kabla ya kuingia, unalipa dumu 1 na kumtuma Utingo: unachungulia kibao, unakirudisha, mpinzani hajui ulichoona. Rhino Charge nako timu zina watu wanaokwenda kwa miguu mbele ya gari kutafuta pa kupita, kwa hiyo mjomba na mashindano wamekubaliana bila kujuana.

Kanuni hii imezaa uongo mezani, na uongo ni kitu kizuri kwenye karata. Mtu anamtuma Utingo, anachungulia, anatabasamu, halafu anazunguka. Mpinzani anabaki anajiuliza: namba ni kubwa kweli, au anataka nami nizunguke?

Nimeongeza pia usiri wa ramani. Kila mchezaji anakuja na kadi 4 za njia, tunazichanganya zote 8, tunalaza 5 za juu. Huwezi kupanga fungu la matope ukiwa na uhakika utakuta matope.

Juni

Mikakati. Baada ya kucheza na watu wa aina nyingi, naona mafungu matatu yanayojirudia, na hesabu moja ambayo anayeielewa anawasumbua wasioielewa.

Hesabu ni hii. Ukikatisha na kupita, umelipa kilometa 2 na saa 1. Ukikwama na kuamua kurudi nyuma uzunguke, umelipa kilometa 8 na saa 3. Ukizunguka tangu mwanzo, kilometa 6 na saa 2. Kwa kilometa peke yake, kukatisha kunalipa ikiwa uwezekano wako wa kupita unazidi theluthi moja. Kwa saa, kunalipa ukizidi nusu. Mchezo wote unaishi katikati ya theluthi na nusu, maana hapo unanunua kilometa kwa kulipa saa.

Mfano wa mezani. Gari lina Mshiko 5, Utingo ameona Matope 7, hivyo nahitaji bahati 2 au 3. Fungu langu lina kadi 16 kati ya 40 zenye bahati hiyo, yaani asilimia 40. Kilometa ninazotarajia kulipa ni 5.6 dhidi ya 6 za kuzunguka, na saa ni 2.2 dhidi ya 2. Saa ya tatu ya mchezo naingia bila kufikiri mara mbili. Saa nane zikiwa zimekwisha, nikiwa nimebakiza kituo kimoja, nazunguka na kumaliza kwa saa 10 juu ya alama. Na kama zimebaki kadi chache nikajua kwamba bahati kubwa zimeshatoka, hesabu inabadilika tena. Anayekumbuka gereji yake ina nini ana faida kubwa.

Fungu la kwanza kati ya yale matatu ni la mzungukaji. Magari ya bei nafuu, kadi za kujilinda, kilometa 30. Linaonekana la woga, lakini linamfunga mkatishaji aliyekwama mara tatu na kuishiwa saa. Udhaifu wake ni kwamba halina hata saa moja ya akiba. Pancha moja tu kutoka kwa mpinzani na kituo cha tano hakifikiki, isipokuwa akatishe mahali hata mara moja. Wachezaji wazuri wa fungu hili wanakatisha mapema, saa ya kwanza au ya pili, kwenye kizuizi kidogo kuliko vyote, wapate akiba hiyo.

La pili ni la mkatishaji: Ekseli Juu, Winchi, Difu Loki. Hapa watu wanasahau kwamba kifaa kisipochotwa hakisaidii. Kadi ikiwa na nakala 3 ndani ya 40, na hicho ndicho kikomo nilichoweka, unaishika mkono wa kwanza kwa asilimia 34 tu. Ukifika saa ya tano, ukiwa umechota kadi 10, ni asilimia 59. Mkatishaji mwenye akili anachagua mwelekeo wa duara kwa kuangalia mkono wake, si kwa kuangalia njia fupi: anaanza upande ambao vifaa alivyo navyo sasa vinafaa, anaacha wenye msalaba kwa baadaye.

La tatu ni la masaibu. Pancha, Rejeta Imechemka, Mvua, Springi Imekatika. Anayelicheza hajali kilometa zake, anataka nawe usifike. Fungu hili linamla mzungukaji, linahangaika na mkatishaji ambaye amemaliza saa ya sita. Kwa muda lilikuwa kali mno, nikaweka kanuni kwamba saibu moja kwa saa, na gari lenye Fundi mezani linapuuza la kwanza. Sasa limetulia.

Kuna jambo la matope ambalo halikuwa kwenye mpango. Kwa kuwa wa pili anaongezewa 1, wachezaji wawili wanaoanza pande tofauti za Mbuga Nyeusi wanakimbilia kuwa wa kwanza. Hapo tu ndipo mwendo kasi unapoingia katika mchezo huu. Nimeuacha.

Julai

Kuchapa. Kadi ni milimita 63 kwa 88, saizi ile ile ya Magic, ili mifuko ya plastiki inayouzwa madukani iingie. Karatasi ya A4 inabeba 9. Fungu la 40, gari moja la kuanzia na njia 4 ni 45, yaani karatasi 5 kamili bila kipande kinachobaki. Laminesheni ya stationeri inateleza mno, kadi hazichanganyiki, zinamwagika. Karatasi ya gramu 300 ndani ya mifuko ya plastiki inatosha kwa sasa, na kadi ikichakaa unachapa ile moja.

Kuhusu kuuza pakiti za kufumba, ambazo hujui kilichomo ndani, nimeamua hapana. Wateja wa kwanza wa kitu hiki ni watoto wa shule, na sitaki mtoto amalize hela ya chai akitafuta Ekseli Juu. Badala yake kutakuwa na mafungu manne yanayouzwa wazi, kila kadi imeandikwa kwenye kasha: Mbuga, Jangwa, Milima na Mito. Kila moja linatosha kuchezea. Lakini Mbuga halina Winchi na Milima halina Punguza Upepo, kwa hiyo lazima utafute wa kubadilishana naye. Bei za mabadilishano watapanga wenyewe. Tayari nimeshuhudia Mia na Tisa mbili zikibadilishwa kwa Fundi mmoja, na aliyetoa Fundi amepunjwa, kwa maoni yangu.

Linalobaki ni Msafara, kadi inayoruhusu magari yako mawili kusafiri pamoja na moja kulivuta lingine likikwama. Nimejaribu iwe ya madumu 2, inafuta maana ya Winchi. Kwa madumu 4 hakuna anayeicheza. Mjomba anasema gari la pili lazima nalo lijaribiwe kizuizi kabla ya kuvuta, maana ameshaona malori mawili yamekwama kwa waya mmoja. Wiki hii tunaijaribu hivyo, kwa madumu 3.